Maji Juu ya Redio

Nilipokuwa mtoto pale Mugutha, hakuna aliyethubutu kugusa redio yetu Jumamosi saa nne asubuhi. Saa hiyo ilikuwa ya nabii. Mama, aliyeshinda wiki nzima akifunga mikebe ya matunda kiwandani Thika, aliweka glasi ya maji juu ya redio, akagusa spika kwa kiganja na kufumba macho. Nabii alikuwa ameahidi kwamba maombi yake yangeingia kwenye maji. Kisha dada yangu Wambui alipewa ayanywe yote.

Wambui alikuwa na kifafa. Alikuwa na miaka kumi na minne, mimi tisa, na vidonge vya daktari vilikuwa vimemtuliza kiasi kwamba tulianza kusahau alivyokuwa akianguka.

Tuliishi na Cucu, mamake Baba. Yeye alitubariki kizamani: alitema mate kidogo viganjani, akatupaka kwenye paji la uso. Mama aliita huo ushirikina. Mwanamke aliyeweka glasi juu ya redio! Hadi leo nikikumbuka, sijui nicheke au nipige kelele.

Jumamosi moja nabii alisema kwamba anayeombewa kisha akaendelea kumeza dawa amemwita Mungu mwongo. Mama alifumbua macho, akatoa kopo la vidonge kabatini, akanipa.

"Enda utupe hizi kwa choo," aliniambia.

Cucu alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Aliinua kichwa.

"Mama Wambui, huyo mtu wa redio ashawahi kuona huyu mtoto akianguka?"

"Cucu, tafadhali, usilete shaka kwa hii nyumba."

"Haya. Lakini msimwache karibu na moto. Akianguka ataungua, na hiyo redio haitamshika."

Nilikimbia hadi chooni nikiimba wimbo wa kanisani, nikamimina vidonge vyote. Nilijiona nimepewa kazi ya malaika.

Haikupita wiki mbili. Mama alikuwa kazini, mimi nachota maji, Wambui anasonga ugali. Nilisikia sufuria ikigonga sakafu. Alikuwa ameanguka, mkono wa kulia juu ya jiko la makaa, na mtu aliyeshikwa na kifafa hawezi kuuondoa mkono wake. Cucu ndiye aliyemvuta. Vidole vitatu havijanyooka tena.

Sasa hapa ndipo ninapokereka. Mama alikwenda kwenye mkutano wa nabii Ruiru, akapanga foleni tangu asubuhi ili amweleze. Alirudi jioni na jibu fupi: imani yake ilikuwa ndogo. Nilingoja akasirike. Badala yake alifunga siku tatu, akimlilia Mungu amsamehe shaka yake. Mtu amekuharibia mtoto, halafu wewe ndiye unayetubu!

Wengine hudhani nimeacha wokovu. Sijaacha. Jumapili hunikuta kanisani mapema, na Biblia yangu imechakaa kwa kusomwa. Nilichochoka nacho ni hii tabia yetu Wakristo: tukimpata mtu mwenye sauti kubwa na suti iliyonyooshwa vizuri, tunamkabidhi akili zetu na watoto wetu pia, na hatumuulizi hata lile swali dogo la Cucu. Mama siku hizi ana nabii mwingine, wa kwenye simu. Nimegombana naye mpaka nimeishiwa maneno. Hunijibu kwa upole, "Wewe ulisoma sana," na kuongeza sauti ya simu.

Wambui alirudia dawa na hajaanguka kwa miaka mingi. Anafundisha chekechea Kahawa Sukari, anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Mwezi uliopita tulikula kwa Mama sote watatu. Akiombea chakula, Mama alimwomba Mungu tena, kama kila mwaka, amsamehe imani yake ndogo. Wambui aliitikia amina, akaanza kupakua.

Hasira ilinipanda. Miaka yote hiyo Mama amemwomba Mungu msamaha, lakini hajamwomba Wambui hata siku moja. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo mbele ya chakula. Wambui akanisogezea sahani yangu, akaniuliza kama nimeongezewa mboga za kutosha. Nikasema zinatosha. Mimi niliyetupa dawa zake nikiimba, mimi pia sijawahi kumwomba.