Mguu wa Kwanza Ndivani

Nilipokuwa mtoto niliishi mwaka mzima nikisubiri bibi yangu afe. Si kwamba nilitaka, Mungu apishe mbali! Nilimpenda kuliko mtu yeyote chini ya jua, na mama anisamehe kwa kusema hivyo. Lakini nilimwona kwa macho yangu akikanyaga sakafu ya ndiva, yeye wa kwanza, mbele ya kijiji kizima, na huku kwetu Mamba, milimani, hata mtoto wa chekechea alijua maana yake.

Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia. Wazee wa kale walilijenga kwa mawe na udongo juu ya mashamba, maji ya kijito yakusanyike usiku, asubuhi tundu lizibuliwe yateremke mferejini mpaka kwenye tangawizi na mahindi. Likijaa tope unaitishwa msaragambo, watu wote wanatoka na majembe kulichimbua. Shughuli ilikuwa hapo. Ilisemwa ndiva ina mwenyewe, amelala chini ya tope, na anayemkanyaga wa kwanza humchukua kabla mwaka haujazunguka. Kwa hiyo mguu wa kwanza ulikuwa kazi ya ukoo mmoja tu, ukoo wa mzee Elinami, kwa kuwa wao walijua maneno ya kumwomba radhi. Mara ya mwisho aliingia baba yake Elinami, akayasema maneno yote bila kuruka hata moja. Mavuno hayakumkuta.

Sasa huyo bibi yangu, Nakundwa, mama yake mama, alikuwa hana dogo. Alijifunza baiskeli kule Ndungu bondeni, enzi ambazo mwanamke akionekana juu ya baiskeli watu wanaacha kulima wanatazama. Alirudi na kovu la goti, akawa anawaonyesha wageni kama wengine wanavyoonyesha picha za harusi. Aliwahi kuaga anakwenda sokoni Same, akapanda treni mpaka Tanga, eti hajawahi kuona bahari. Babu alikuwa karibu kutangaza msiba ndipo akatokea na chupa ya maji ya bahari, akawaonjesha majirani mmoja mmoja kwa kijiko, kama dawa ya minyoo. Watu walimpenda, jamani! Akichelewa kanisani, mwinjilisti alichungulia kwanza mlangoni kabla ya kuanza ibada. Mimi aliniita mke mwenzangu, na kila mtu aliyemwonya kuhusu hatari alimjibu hivi: "Nikifa nitapumzika. Sasa hivi nina kazi."

Mwaka huo vuli haikuja kabisa, na masika ilikuja kutusalimia tu ikaondoka. Tangawizi ikasinyaa ardhini. Tukawa tunakula mara moja kwa siku. Baba alikuwa ameshuka kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge, kisha zikapanda habari kwamba ana mke mwingine huko, na mtoto. Mama hakulia. Aliacha tu kuzungumza. Aliweza kukaa na sufuria mapajani mpaka ugali ukaganda, nami nikiwa pembeni nina njaa na ninaogopa kumwomba.

Siku ya msaragambo tulitoka wote. Ndiva ilikuwa tope tupu, juu limepasukapasuka, chini bado bichi. Mzee Elinami aliketi ukutani, jembe katikati ya magoti.

"Siingii," akasema. "Nimemzika baba kwa jambo hili hili. Nina watoto wadogo. Tafuteni mtu mwingine."

Hakuna aliyemlaumu. Hakuna aliyesogea pia. Jua likapanda tukiwa tumesimama na makarai yetu kama watu waliokuja kwenye harusi isiyo na bwana harusi. Na sote tulijua kwamba mvua ikinyesha ikute ndiva imejaa tope, maji yatapita juu yaende zake bondeni Maore, na sisi tutakuwa tumekwisha.

Ndipo mama akainuka. Alivua kandambili zake, akazipanga juu ya ukuta, moja kando ya nyingine, zikitazama nyumbani. Akakunja kanga yake vizuri, akaiweka juu ya kandambili. Akaniinamia.

"Utakaa na bibi yako," akasema. Lilikuwa neno la kwanza aliloniambia siku ile.

Sikuwahi kuelewa vizuri kilichofuata. Nilisikia tu kishindo, na vigelegele, na bibi alikuwa tayari yuko katikati ya ndiva, tope magotini, gauni limempanda, anacheka kama mwendawazimu. "Hee! Kumbe kuna baridi nzuri huku! Nyie mnasubiri nini, chai?" Wanaume waliona aibu, wakaanza kurukia ndani mmoja baada ya mwingine. Mama alibaki ukutani, miguu mitupu, akimtazama mama yake. Mimi nililia mpaka nikapaliwa.

Mwaka ule sitaki kuurudia hata ndotoni. Nilimfuata bibi kila mahali, hadi chooni, nasimama nje namwita aitikie. Nilificha raba zake ndani ya debe la mahindi asisafiri. Alizipata, akanivuta sikio. "Mke mwenzangu, unaniwekea viatu akiba ya mbinguni?" Nikizificha vizuri zaidi, aliondoka peku. Kanisani wenzangu walipoomba mvua, mimi niliomba mwaka uishe. Mama naye alirudiwa na sauti. Alikuwa akiita kutoka shamba hadi shamba: Mama umekula? Mama unakwenda wapi? Mama shuka kwenye huo mti! Alimgombeza bibi asubuhi mpaka jioni, na ugali haukuganda tena mapajani mwake.

Mvua ilikuja. Ndiva ikajaa pomoni, tangawizi ikachipua, na watu wakamletea bibi kuku. Yeye huyo akateremka Ndungu kuwasaidia ndugu kupandikiza mpunga, akarudi anatetemeka. Homa ikamshika, hata hatujui ni homa gani. Akaanza kuongea na babu, aliyekuwa ameshakufa. Wanaume wakafunga machela, wakambeba kuteremka barabarani kwenye gari la kwenda hospitali, na nyuma yao wanawake walikuwa wameshaanza kulia ule mlio wa msiba. Mzee Elinami alivua kofia. Mimi nilikimbia kando ya machela nimeshika kidole gumba cha mguu wake wa kulia, mguu ule ule, nimekibana kwa nguvu zangu zote, kwa sababu niliamini roho yake ikitoka itatokea hapo. Mama alikuwa upande wa pili. Alisema neno moja tu njia nzima, "Ningeingia mimi. Ningeingia mimi." Sijawahi kumwona binadamu amekata tamaa namna ile, na nimeona mengi tangu hapo.

Penye kona kali machela iliyumba, bibi akafumbua jicho moja. "Baiskeli yangu ilikuwa na breki kuliko nyinyi," akasema.

Alipona. Mwaka ukazunguka, akaishi mingine mingi, akazeeka juu ya bodaboda akiwafokea madereva waongeze mwendo.

Nilikuwa mtu mzima, nina mimba ya Neema, nilipomuuliza. Tulikuwa tunamenya maharage, mama hayupo.

"Bibi, siku ile ndivani hukuogopa?"

"Nilijikojolea," akasema. "Tope likanisitiri."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mwaka mzima sikulala, mjukuu wangu. Ukigeuka kitandani, nilidhani mwenyewe wa ndiva amefika."

"Sasa uliingia kwa nini?"

"Uliona mama yako alivyovua viatu? Alivipanga. Mtu anayekwenda kuchimba tope havipangi viatu, anavitupa. Mama yako hakuwa anakwenda kuchimba." Akamenya ganda jingine. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Utaujua."

Bibi tulimzika mwaka jana. Mwaka huu mvua zimegoma tena, na ndiva imejaa tope. Nina duka la dawa Same mjini. Homa ya bibi naijua jina lake, vidonge vyake na mbu wake. Nilipanda na Neema kwenye msaragambo kama wenyeji wengine. Mzee Elinami hayupo tena, wanawe wako Dar, maneno hakuna anayeyajua. Vijana walikuwa wanatania, wanapigana picha, lakini jua likapanda na hakuna aliyeshuka. Neema akaanza kuvua raba. "Jamani, si tope tu hili?"

Siamini habari za mwenyewe wa ndiva. Ninaapa siamini. Lakini viatu vyangu viliruka kimoja huku kimoja kule, na nilikuwa ndani, tope magotini, kabla mtoto hajamaliza kufungua kamba. Nikajilazimisha kucheka kwa sauti. Neema akapiga makofi. "Mama, umeniwahi!"

Mama yangu alikuwa ukutani, mzee sasa, fimbo mkononi. Hakucheka. Alikwenda kuokota viatu vyangu kimoja kimoja, akavikumbatia.

"Toka humo," akasema, machozi yanamtiririka. "Mama yangu alitosha."

Tangu siku ile amehamia kwangu Same. Nikienda dukani anapiga simu, nikichelewa anasimama barabarani. Leo asubuhi nimetafuta viatu vyangu nyumba nzima, nimevikuta ndani ya debe la unga. Nimefunika debe polepole, nikamwambia leo sifungui duka, tukaketi tukanywa chai.