Minara ya San Marino katika kabati la mama

Kosa ni langu, wala sitafuti wa kumsukumia. Jina langu niacheni nalo, lakini haya yasikieni, maana yananila roho.

Mie skuli niliiacha mapema. Leo nna maduka ya vipuri vya magari, nna nyumba Mabela, majlisi yake ya wageni unaweza kuolea humo. Yote kwa mikono yangu, hakunibeba mtu! Na nikitoka safari, nataka watu wajue nimetoka safari.

Mwaka huu nikasema, Dubai na Uturuki kila mtu anakwenda. Nikenda San Marino. Hamuijui, eeh? Kinchi kimekaa juu ya mlima, kimezungukwa na Italia. Maduka yake yamejaa vikorokoro: minara ya plastiki, askari wa bati, sumaku za kubandika kwenye friji, vitufe vya kioo ukivitikisa theluji inaanguka. Nikajaza sanduku zima. Hata pasi yangu nikalipia igongwe muhuri, ili niwaoneshe watu!

Niliporudi sikuona pa kuvipanga ila kabati la kioo la majlisini. Humo mlikuwa na vyombo vya mamaangu, alivyotoka navyo Unguja alipohamia nchi hii. Vikombe maua yamefifia, bakuli lina ufa.

Mke wangu akanambia, "Baba Nasra, hivyo usiviguse. Si unajua hali ya mama?"

Nilijua! Mama kumbukumbu zimempotea. Lakini kila baada ya Alasiri alikuwa akikaa mbele ya kabati, akavitaja kimoja kimoja. "Hichi kanipa somo yangu aliyenifunda, siku ya arusi yangu. Hichi cha marehemu mume wangu. Na bakuli hili nilinywea uji wa pilipili manga nilipomzaa mwanangu." Akifika hapo hunigeukia, akaniita jina langu. Kutwa nzima halijui, hapo tu ndipo linapomjia.

"Vinanitia aibu kwa wageni," nikamjibu mke wangu. "Ntamnunulia vipya, vya mistari ya dhahabu!"

Nikavitia kwenye boksi, nikawapa watu wanaopita na gari kukusanya vitu vya sadaka. Jioni wakaja marafiki, nikawatikisia theluji. "Wewe umefika huko? Na wewe je?" Tukacheka, wallahi!

Kesho yake mama akatoka chumbani, akakaa mahala pake. Akaitazama ile minara. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Kisha akanigeukia mie. Ya Rabbi, yale macho!

"Samahani bwana," akasema. "Nyumba hii ya nani?"

Nikatoka mbio kuwatafuta wale watu. Boksi lishagawiwa! Nikazunguka masoko ya vitu vikuukuu, Sib mpaka Matrah. Nikapata bakuli linalofanana, maua yale yale. Akalipokea, akaligeuza, akatazama chini yake, akanirejeshea kwa adabu. "Zuri, mashaallah. Lakini si langu."

Minara nimeitupa. Haikusaidia kitu.

Sasa ikifika Alasiri mama huvaa buibui lake, akashika mkoba, akaja kuniaga. "Ahsante kwa wema wako bwana. Nipeleke kwangu, mwanangu atakuwa ananitafuta." Na mie mwanawe nimesimama mbele yake! Nikimwambia ndiye mimi, huinamisha kichwa, kama mtu anayemsitiri muongo asiaibike.

Enyi mlio na wazee ndani, nakuombeni! Kabla hujatoa hata kijiko chao, kaa nao, wakwambie kimetoka wapi. Msifanye kama mie, niliyeusikia ushauri wa mke wangu nikaupuuza kwa ajili ya plastiki.

Jana nimempakia garini, nikampeleka matembezi Bustan, tukarudi kwa njia nyengine, labda ataona amefika kwake. Nikamfungulia mlango wa gari. Akaitazama nyumba, akanishika mkono kwa huruma.

"Umechoka bure, baba. Hapa tushakuja. Mwanangu hakai hapa."