Nyasi Zenye Njaa

Nilipokuwa mtoto kule Alby, Uswidi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wenzangu waliogopa maiti na mashetani. Mimi niliogopa nyasi. Cheka tu, kuchekwa ndiyo kazi yangu.

Hofu hiyo nilipewa na Bibi Nora, jirani wa mlango wa pili, mzee kutoka Ayalandi aliyeolewa na Mswidi, akafiwa, akabaki. Mama alisafisha ofisi mjini, kwa hiyo nikitoka shule nilishinda kwa Bibi Nora. Kiswidi chake kilikuwa kibovu kuliko changu, na labda ndiyo maana tulielewana. Alinisimulia kijiji chao: nyumba ambayo mtu asiyeonekana hupanda ngazi zilizobomolewa zamani, daraja ambalo farasi hukataa kulivuka. Hayo niliyamudu. Lakini siku moja akaniambia kwamba kwao iliwahi kupita njaa kubwa, watu wakaanguka njiani na kuzikwa papo hapo, hata sala hakuna. Mahali hapo huota nyasi zinazoshika njaa ya marehemu. Ukizikanyaga, magoti yanalegea, na usipopewa mkate upesi, unakufa.

"Sasa nitazijuaje?"

"Huwezi kuzijua," alisema, akinipakia siagi kwenye mkate. "Ndiyo maana ule kwanza."

Miezi mitatu nilitembea kwenye lami tu, nikizunguka kila bustani kama mbuzi aliyekula kiapo.

Kisha, Jumamosi moja ya mwezi wa tano, Mama alitoka kwenye chumba cha kufulia, kapu la nguo mikononi, akakata njia katikati ya nyasi za nyuma ya jengo letu.

"Mama, usipite hapo!"

"Wee mama, uwoga gani hiyo?" alinijibu bila kugeuka. "Ni majani tu!"

Hatua chache mbele, akaanguka. Shuka zikatawanyika.

Sikumkimbilia. Hilo liliniuma miaka mingi. Nilipanda ngazi mbio, nikapiga mlango wa Bibi Nora kwa ngumi zote mbili. "Mkate! Nyasi zimemshika Mama!"

Hakuuliza kitu. Alishuka na ndara za nyumbani, mkate mkononi, akapiga magoti pale pale. Mimi nikasimama ukingoni mwa lami. Halafu nikafumba macho, nikaingia, nikakishika kichwa cha Mama.

Alikuwa amefumbua macho. "Batu banatuangalia," alininong'oneza kwa Kiswahili cha kwao, akitazama madirisha na kujaribu kuinuka. Bibi Nora akamrudisha chini, akampelekea kipande mdomoni. Mama akageuza uso, akamwambia kwa Kiswidi, "Leo sili."

Bibi Nora akaushusha mkate. Kisha akauliza taratibu, "Ni njaa ya nani?"

"Zawadi," Mama alisema. "Mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa na miaka mitatu. Tulikuwa tunakimbia vita, siku ya tisa msituni, na sikuwa na kitu cha kumpa. Ilikuwa tarehe ya leo."

Sikujua kwamba nilikuwa na dada. Kila mwaka siku hiyo nilidhani Mama anafunga kwa ajili ya kanisa.

"Basi kula," Bibi Nora alisema. "Mtoto gani anapenda kumwona mama yake na njaa?"

Mama akala. Alikula mkate wote huku akilia, juu ya shuka tulizokuwa tumezifua asubuhi ile, mbele ya madirisha ya ghorofa zote.

Daktari angesema sukari ilishuka, nami sina ugomvi na daktari. Lakini asingeuliza swali lile la njaa ya nani. Linaulizwa na mtu aliyelelewa kuamini kwamba njaa ya mtu haifi naye.

Mwaka uliofuata, tarehe ile ile, Mama alipika, tukala watatu, akatusimulia Zawadi alivyokuwa. Alikuwa mtoto wa kucheka, alisema. Ukianza tu kumpa hadithi, yeye ameshacheka, mwisho haujafika.

Wachekeshaji wenzangu humchukia mtu anayecheka mapema, maana anaharibu utani. Mimi nikimsikia mmoja huko gizani ukumbini, nasimama kidogo. Namwachia acheke.