Maboksi Arobaini na Moja ya Shabani

Tangu Ijumaa mnanijia jikoni, tueleze ya Shabani, tueleze ya Shabani, kana kwamba mwenyewe hana mdomo. Anao. Ila akianza kusimulia anajisahau yeye anasifia treni. Haya, nitaandika, vidole viniume, na asitokee mtu wa kunisahihisha.

Shabani Maulidi ni dereva wa nyumba moja pale Abu Hamour, huku ughaibuni tulipo, mwaka wa kumi na saba sasa. Watoto aliokuwa akiwapeleka shule wana magari yao siku hizi, naye bado anawafungulia geti. Lakini udereva ni kazi ya mikono tu. Moyo wake uko relini. Alizaliwa Usinge, stesheni ndogo baada ya Kaliua kama unakwenda Kigoma, baba yake akiwa mshika bendera. Mkatize katikati ya chakula, mwulize baada ya Tabora panafuata wapi. Atakuhesabia stesheni zote mpaka ziwani, tonge liko mkononi.

Ndiyo maana Ijumaa, siku yake ya kupumzika, humkuti amelala. Yuko Al Mansoura kwenye ofisi ya Mkuyu Kago, anaandika maboksi. Mkuyu ni ya Zuhura, mwanamke wa Unguja asiyecheka ovyo. Mizigo ya watu wetu inakwenda kwa meli mpaka Dar, na pale Zuhura amekodi behewa kwenye treni ya mizigo ya bara. Kampuni ya pili ni Upepo Kago, wakubwa hao, wana stoo ya kuingia lori. Nao wana behewa lao. Upepo hushusha Dodoma, Tabora na Kigoma, wa katikati ajijue. Mkuyu hushusha hata pale ambapo treni husimama muda wa mtu kupiga chafya.

Na watu walikuwa wanazichezea hizo kampuni kama mtoto mwenye bibi wawili, akinyimwa huku anakwenda kule. Upepo wakichelewesha, mtu anahamia Mkuyu. Mkuyu wakivunja sahani, Zuhura anapanda ngazi mwenyewe mpaka chumbani kwa mtu kuomba radhi, maana anajua jirani yupo.

Sasa ipo desturi. Kwetu kule watu hubadili namba ya simu kama wanavyobadili kanga, na wazee wengine simu hawana kabisa. Basi kwenye fomu, pale pa namba ya mpokeaji, watu wote wa njia ile huandika namba ya Shabani. Pale pa stesheni huandika "Shabani anajua". Halafu yeye anachukua kalamu nene nyeusi, juu ya boksi anaandika: Usoke, kwa Mzee Kapaya mwenye jino la dhahabu. Uvinza, kwa mama wa mapacha, nyuma ya ghala la chumvi. Treni ikikaribia anampigia mtu wa stesheni, na mtu wa stesheni anamwita mwenyewe. Miaka tisa halijapotea boksi, na Shabani hakuacha mtu asahau hilo.

Siku moja Zuhura akamwita pembeni.

"Shabani, Upepo wanataka tuungane. Nami nakaribia kukubali."

"Kuungana vipi, Da Zuhura?"

"Behewa langu linakwenda nusu tupu. Lao nusu tupu. Tunasafirisha hewa mpaka Kigoma, kaka yangu."

"Na Usinge?"

"Tutafanya safari moja ya majaribio, mizigo yote ipite stoo yao. Ikishafika, wateja waje Ijumaa waseme wanakubali au hawakubali."

Tembo wakigombana nyasi huumia, hilo kila mtu analijua. Hakuna aliyetuambia wakioana inakuwaje.

Katika safari hiyo ya majaribio mlikuwa na boksi la Shabani mwenyewe. Mama yake, Bi Tausi, aliteleza kando ya kisima akavunjika nyonga. Mfupa umeunga, ila hainuki mpaka amshike bega Nasra, bintiye mdogo. Shabani alikwenda Al Sadd na Milcah, nesi wa Kikenya, wakachagua ile fremu ya kutembelea ya miguu minne. Milcah akamwuliza, "Mama ni mrefu kama nani?" Akajibu, "Kama mimi nikiinama." Akainama pale pale dukani, Milcah akapima.

Jumanne ya treni kufika Usinge, Nasra akapiga simu.

"Kaka, treni imepita."

"Imepita vipi?"

"Imepita. Haikusimama."

"Hata mwendo haikupunguza?"

"Hata. Na mama tulishamweka kwenye kiti pale stesheni, amevaa gauni lake la Idi."

"Amesemaje?"

"Amesema treni za siku hizi hazina adabu."

Kuanzia hapo mtu huyu hakukaa. Aliosha gari moja mara tatu mpaka mama mwenye nyumba akamwuliza kama anatafuta rangi ya chini. Simu ikaanza. Usoke hawajaona kitu. Kaliua hawajaona. Nguruka hawajaona, na wa Nguruka walitukana. Anajibu huyu, anaingia yule, anakwenda getini anarudi, chai inapoa, anaimwaga, anapika nyingine, nayo inapoa. Na katikati ya yote anaiona ile picha: kiti, gauni la Idi, treni inapita.

Jumatano akaomba ruhusa, akaenda stoo ya Upepo kwa meneja, Ndirangu, kijana wa Nakuru mwenye kompyuta mbili.

"Kumbe ndio wewe Shabani," Ndirangu akasema. "Mzee, nimekutafuta. Uko na boksi arobaini na moja Tabora, karani wangu hana mahali pa kukaa. Unafungua supamaketi?"

"Langu ni moja."

"Mashine inasema zote. Namba ya simu ni moja, mwenyewe ni mmoja."

"Na treni kupita Usinge?"

"Isimame Usinge kushusha nini? Angalia hapa pa stesheni. 'Shabani anajua.' Hapa, 'Shabani anajua.' Hii nayo. Mashine inasoma fomu, haisomi kalamu yako juu ya boksi. Haikujui, mzee, ikashusha zote Tabora. Na siku ukikufa je?"

Shabani akainamia kompyuta, akayasoma mwenyewe. Alikuja na maneno makali ya kutosha kuangusha rafu, yakamwishia. Miaka tisa aliipenda ile sentensi. Ilikuwa tamu. Nayo ndiyo iliyomwacha mama yake kwenye kiti.

Ijumaa watu wakajaa ofisini kwa Zuhura, wengine ngazini, na Ndirangu naye akaja. Walitegemea Shabani apinge muungano. Akasimama.

"Kosa la maboksi ni langu," akasema, "na lenu mlioandika jina langu. Lakini Bwana Ndirangu, leo nikikasirika nahamia kwa jirani. Kesho jirani ni wewe huyo huyo. Nitahamia wapi? Sikatai muungane. Stesheni ziandikwe kwenye mkataba wenu. Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza."

"Kila kusimama ni muda, mzee. Kigoma nao wanangoja mzigo wao."

"Kigoma wamezoea kungoja. Mama yangu hawezi kwenda Tabora."

Zuhura akagonga meza kwa kalamu. "Zisipoandikwa, sitii sahihi."

Ndirangu akakuna shingo. "Basi mnionyeshe hizo stesheni ziko na watu. Fomu thelathini, kila moja na stesheni yake na namba ya mtu wa huko. Kabla mwezi uishe. Zikifika, tunaandika. Zisipofika, yote yanashuka Tabora."

Leo zimefika kumi na tisa. Fremu ya Bi Tausi bado iko Tabora, na Nasra hawezi kumwacha mama akaifuate. Shabani anapita chumba kwa chumba Al Mansoura na fomu chini ya kwapa, anabisha hodi, hangoji aambiwe karibu. Wengine wanamjibu, "Acha hapo, Shabani, si unajua." Hapo ndipo anapozunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nawe uliyenilazimisha kuandika, boksi lako limo katika yale arobaini na moja. Langu pia limo, na fomu yangu nimeijaza, Nguruka, herufi zimepinda lakini zinasomeka. Weka karatasi hii chini sasa hivi. Mpigie mtu wa kwenu, chukua namba yake, ijaze fomu yako, uilete Ijumaa kabla ya swala. Kama huna kalamu, yangu iko juu ya friji. Irudishe.