Kifaransa cha Ndani

Mwaka wangu wa mwisho katika shule ya misheni pale Goma, katika miaka ya hamsini, nilikuwa na shida moja tu, nayo ilikuwa Kifaransa. Hesabu nilizijua, katekisimu niliisoma bila kutazama kitabu, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko tabia yangu. Lakini ili uingie shule ya walimu ilibidi usimame mbele ya Padri mkuu na mkaguzi, useme Kifaransa kwa mdomo wako mwenyewe. Ukishindwa, unarudi kwenu. Kwetu ni Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru, na huko mama alikuwa ameshawatangazia wanawake wote wa kanisani kwamba mwanawe ni mwalimu. Hakusema atakuwa. Alisema ni.

Mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa mtu wa milima ya Masisi, mwembamba, mpole, mwenye tai moja aliyoifunga vizuri kila siku ya Mungu. Alitukaririsha sentensi zile zile: dirisha liko wazi, ng'ombe anakula majani, baba yangu ni mkulima. Nilimdharau, na sioni haya kusema hivyo leo, kwa sababu haya yenyewe nilishaipata baadaye. Nilijiambia, mtu wa Masisi atajulia wapi Kifaransa? Kifaransa kina wenyewe, na wenyewe wanakaa kando ya ziwa.

Basi nikafanya walivyofanya wanafunzi wengi baada ya masomo ya asubuhi: nikaenda kutafuta kazi katika nyumba za wazungu. Wenzangu walimwagilia maua, wakapiga pasi, wakapata sabuni na mashati ya zamani. Mimi nilifuata maneno. Nikapata kazi kwa Madamu mmoja ambaye mumewe alikuwa na shamba la kahawa upande wa Sake. Nyumba yao ilijengwa kwa mawe meusi ya volkano, na jikoni alitawala muzee mmoja mpishi ambaye hakuruhusu mtu mwingine kugusa chumvi. Kazi yangu ilikuwa kumenya viazi, kusugua masufuria, na kutega masikio.

Na sisi, Madamu alisema Kiswahili cha kuamuru: lete, toa, pesipesi. Lakini akiwa na mumewe mezani, lo! Yalitoka maneno ambayo mwalimu wetu hakuwahi kuyatamka hata siku moja. Yalitoka kooni kabisa, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Nikamuuliza mpishi:

"Muzee, hii njo Kifaransa?"

"Hii? Apana, mutoto. Hii ni luga yao ya ndani. Kifaransa njo ya wageni."

Mtu mwenye akili timamu angeelewa hapo hapo. Mimi nilielewa hivi: kuna Kifaransa cha nje, kinachogawiwa wageni na walimu wa Masisi, na kuna Kifaransa cha ndani, chenyewe hasa, wanachotuficha. Na mimi, mmenya viazi, nilikuwa nimekigundua. Nilirudi bwenini siku hiyo nikiwa na kichwa kikubwa hata mlango niliuona mwembamba.

Nikaanza kuandika kwenye daftari. Hudemorhe, salamu ya asubuhi. Smakelek, husemwa kabla ya kula. Ardapel, viazi. Lakini neno nililolipenda kuliko yote lilikuwa la Bwana mwenyewe. Kila asubuhi ya Jumamosi, nilipokuwa nafika mapema, nilimkuta akizungusha ule mpini wa chuma mbele ya gari lake, na gari limegoma. Akisema mara moja "hotferdome", gari kimya. Mara ya pili, kimya. Akilisema kwa sauti mara ya tatu, gari linawaka. Nikaandika: hotferdome, maana yake tafadhali sana, husemwa kwa heshima, mara tatu.

Siri kama hiyo haikai tumboni. Nikaanza kuwafundisha wenzangu wanne, na wao wakawa wananichotea maji kwa zamu. Goma haina mto, maji ni ya ziwani, na kupanda na ndoo juu ya yale mawe makali si mchezo. Mimi nilikaa kivulini na kuwasahihisha koo zao.

Siku moja mwalimu alitukuta uani tukisalimiana.

"Muko munasema nini?"

"Kifaransa, Mwalimu," nilijibu, kwa huruma kabisa.

"Hiyo sikuwafundisha."

"Ndiyo, Mwalimu. Njo maana tuko tunajifunza."

Akagusa tai yake, akaenda zake. Wenzangu walicheka hadi wakashika mbavu. Nikajua nimemshinda.

Siku ya mtihani nilijitolea kuingia wa kwanza. Padri mkuu alikaa kushoto, mtu mnene mwenye ndevu nyekundu. Mkaguzi alikaa kulia na kalamu yake, na mwalimu wetu alisimama nyuma karibu na ukuta. Mkaguzi akaniuliza jambo kwa Kifaransa cha nje. Nilimwonea huruma naye pia. Nikavuta pumzi, nikasema:

"Hudemorhe!"

Padri akainua kichwa. Mkaguzi akaweka mkono sikioni. Nikaona nimewagusa, nikaendelea. Nikawatakia chakula chema. Nikawaambia viazi vimeiva, wafunge mlango, wavue buti zao kabla ya kuingia, mtoto amelala. Yote niliyatoa kwa sauti ya Madamu, na mkono kiunoni. Mkaguzi alikuwa ametoa macho. Padri alikuwa amebadilika rangi kuanzia shingoni, na nikadhani ni furaha ya kusikia kijana mweusi akisema lugha halisi. Basi nikaamua kufunga kwa adabu. Nikaweka mkono kifuani, nikainama mpaka chini, nikatamka polepole:

"Hotferdome. Hotferdome. Hotferdome."

Padri akalaza kichwa juu ya meza, mabega yakitetemeka. Nikafikiri anasali. Alipoinuka, machozi yalikuwa yameingia ndevuni.

"Mutoto," akasema, "unajua umesema nini?"

"Ndiyo, Padri. Nimesema tafadhali sana."

"Umetukana kwa jina la Mungu. Mara tatu. Na hii yote si Kifaransa. Hii ni luga ya kwetu, ya Waflama wa kule Ubeleji. Huyu mukaguzi si wa kwetu, haisikie hata kidogo."

Hivyo ndivyo nilivyopata habari kwamba wazungu nao wana makabila. Nikageuka kumtazama mwalimu, nikitegemea kuona anacheka, na haki alikuwa nayo. Hakucheka. Alikuwa anamtazama Padri, kwa makini sana, kama mwanafunzi wa mbele.

Nikapewa sifuri. Wenzangu wanne waliokuwa nje hawakuwa na salamu nyingine vichwani, wakaingia mmoja mmoja na hudemorhe zao, na wa mwisho alipoingia, mkaguzi mwenyewe ndiye aliyeanza kumsalimu kwa hudemorhe. Wote sifuri. Jioni ile walinifukuza mpaka ziwani, na niliingia majini na viatu vyangu. Nililia humo majini, nikiwaza mama atawaambia nini wale wanawake wa kanisani.

Padri, kwa vile tulimchekesha, alituombea mtihani wa pili baada ya wiki tatu. "Muende kwa mwalimu wenu," akasema. Niliacha kazi kwa Madamu, nikaenda kwa mwalimu nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakunikumbusha maneno yangu. Kila alasiri alitukalisha barazani, sisi watano, akaanza upya: dirisha liko wazi, ng'ombe anakula majani. Safari hii nilisikiliza, nikashangaa jinsi Kifaransa chake kilivyokuwa safi. Mkaguzi aliporudi aliniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikamjibu kwa sentensi ya mwalimu, neno kwa neno, nikafaulu. Wote watano tulifaulu.

Nilikwenda kumshukuru. Alikuwa anapanga madaftari yetu ya darasa ili ayapeleke nyumbani kwa mapadri. Akafunga mlango wa darasa, akarudi, akasema kwa sauti ndogo:

"Ile luga ya ndani, ungali unaikumbuka?"

"Kidogo, Mwalimu."

"Mapadri, wakikuwa kwa meza, Kifaransa yao niko nasikia yote. Lakini wakitaka kusema juu yangu, banageuza luga. Miaka kumi na moja sasa. Kuna neno moja, banalisemaka kila mara nikiisha kuweka makaratasi. Brafu. Kwa Kifaransa liko karibu na neno la mutu shujaa. Lakini sina hakika. Ni lile lile?"

Brafu nililijua. Madamu alikuwa na mbwa mkubwa wa rangi ya majani makavu. Kila alipomwambia aketi na mbwa akaketi, alimpapasa kichwa na kumwambia neno hilo. Kwenye daftari langu nililiandika: brafu, mbwa aliyetii.

Mwalimu alikuwa akinitazama kama alivyomtazama Padri siku ile ya mtihani. Niliwakasirikia wote waliokaa kwenye ile meza, na Padri aliyenicheka kwa upendo pia nilimkasirikia.

"Ni lile lile, Mwalimu," nikasema. "Ni shujaa."

Akatabasamu, akanyoosha tai yake.

"Nilizania vile," akasema, akachukua madaftari, akawapelekea.