Nyamunyamu wa Kina Zuhura

Enzi zetu mtaani Yoba, hapa Gitega, kila nyumba ilijulikana kwa harufu ya jiko lake. Kwetu ilikuwa maharage. Kwa jirani yetu Zuhura, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara, ilikuwa nyamunyamu: samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, waliokaangwa kwa mawese mpaka mifupa ikatafunika.

Sisi tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Tanzania baada ya amani kupatikana, tukakaa Muyinga kwa bibi kabla ya kuhamia Gitega. Nikila uani, Zuhura alikuja uzioni kulamba vidole.

"We, iko maharage tena? Mtaota majani kichwani! Mi nimekula nyamunyamu saba."

Nilimwonea wivu, nikasukuma kando sahani yangu ya maharage.

Kwa sikukuu ya kipaimara changu, mama aliniahidi samaki. Sokoni nikakimbilia fungu la nyamunyamu. Mama, aliyekulia Kigoma ufukweni, akanivuta mkono.

"Acha. Hawa ni watoto wa mgebuka."

Muuzaji akacheka. "Mgebuka ndiyo nini, mama? Mukubwa ni mukeke. Hii ni nyamunyamu, iko samaki ingine!"

Mama akamlaza nyamunyamu mmoja kando ya mukeke mpevu. Mdomo ule ule, mapezi yale yale, mkia ule ule. Samaki mmoja, majina matatu: kwao Kigoma mgebuka, kwetu mukeke, na akiwa mdogo nyamunyamu.

"Tukiwamaliza watoto, wazazi watatoka wapi?" akasema, akanunua mukeke mmoja.

Tulikuwa sita mezani. Zuhura, kwa kuwa alikuwa mgeni, akapewa kipande cha katikati. Mimi mwenye sikukuu nikapata mkia. Nilimchukia mpaka Jumatatu.

Siku hizi mukeke mpevu ni wa kutafutwa. Ziwa likifungwa miezi kadhaa ili samaki wakue, vijana wetu wanalalamika kama waliokatiwa mtandao. Likifunguliwa, wanapiga picha sahani mpaka mchuzi unapoa. Wanangu wanaona haya nikimhoji muuzaji kama samaki wake wamekomaa. "Maman, nunua tu!" Nikikuta wadogo tupu, tunarudi nyumbani kupika maharage.

Majuzi nilimkuta Zuhura Muyinga, alikoolewa, nikamweleza habari ya majina yale matatu. Akashika mdomo. "Kumbe ilikuwa watoto? Mi sikujua, wallahi!"

Tulikua tukitenganishwa na uzio mmoja tu. Yeye alikula akashiba, wakati samaki wangalipo, na hakuna aliyemwambia kitu. Mimi niliambiwa mapema. Bado namwonea wivu.