Sukari ya Kutwanga

Mama hakuoka vileja kwa sukari ya dukani kama ilivyo. Aliitwanga kwenye kinu, akaichekecha kwa mtandio mkuukuu, na chenga zilizobaki akazirudisha kinuni. Mimi niliona ni usumbufu wa watu wa kwao, Mlingotini. Alipougua niliacha shule nimuuguze, na alipofariki wateja wake wakabaki kwangu, pamoja na mdogo wangu wa kike. Nilikuwa nimechoka tangu alfajiri, kila alfajiri. Nguvu za kinu sikuwa nazo.

Baba alikuwa ametangulia zamani. Kwa hiyo baada ya arobaini ya mama, shangazi yetu alikuja kutoka Vigwaza kumchukua mdogo wangu. Hakuja kwa ubaya. Kwake, mtoto wa kaka yake hawezi kulelewa na msichana asiye na mume wala kazi.

"Kazi ninayo, shangazi. Naoka."

"Haya, nionyeshe."

Nilikuwa na oda ya vileja vya harusi, vya kupelekwa kwa kina bwana harusi kwenye sinia. Jana yake nilikuwa nimeoka sehemu ya kwanza kwa sukari ya brauni, kwa kuwa chenga zake ni laini na nilitaka kukwepa kutwanga. Vilitoka vizuri, vinanukia iliki. Nikampelekea sahani. Akashika kimoja, akajaribu kukivunja. Kikapinda.

"Mwanangu, hiki ni kileja au kandambili?"

Mdogo wangu akacheka, kisha akakumbuka kwamba nguo zake zilikuwa tayari kwenye mfuko wa safari, akafunika mdomo.

Sasa najua. Sukari ya brauni ina unyevu wa muwa ndani yake. Inafaa keki ya tende, inayotakiwa kukaa laini. Kileja kinatoka nayo kikavu, kesho yake kimelowa. Nyeupe isiyotwangwa inakifanya kitambae motoni mpaka kiwe bapa, na chenga zinalia menoni. Sukari guru ni ya mikate: iyeyushe, uiache ipoe kabisa, ndipo uikutanishe na hamira, la sivyo unaiua. Siku ile sikujua hata kimoja.

"Kinu kiko wapi?" shangazi akauliza.

"Uani. Kuku wanalala humo."

"Astaghafirullah!"

Alikiosha mwenyewe, akakianika juani, akajifunga kanga kiunoni. Tulitwanga kwa zamu. Yeye alitwanga na kunisema kwa pumzi moja: eti nashika mchi kama mwiko, eti mama yangu alikuwa mwembamba kuliko mimi na hakulalamika. Mdogo wangu alishika mtandio. Sukari ilipita nyepesi kama poda, ikampanda puani, akapiga chafya, shangazi akamfukuza akanawe. Tukaisugua na samli mpaka ikawa nyeupe, tukatia unga na iliki. Makaa machache chini ya sufuria, mengi juu ya mfuniko.

Shangazi alivunja cha kwanza. Kilimeguka, kikamwagika kiganjani kama mchanga. Akakila, akalamba kiganja.

Alasiri aliaga. Mdogo wangu alikuwa ameshasimama mlangoni na mfuko wake, macho mekundu, hanitazami.

"Nguo hizo rudisha ndani," shangazi alimwambia. "Utakuja likizo." Kisha akanigeukia. "Wewe umeacha shule. Huyu asikose. Nikisikia amekosa kwa sababu ya vileja, nakuja kumchukua na sitakaa hata kunywa maji."

"Hatakosa, shangazi."

"Haya."

Nilitaka kufurahi. Mabega yalikuwa yanawaka, na sinia halijafika hata nusu. Mdogo wangu alirudi kutoka chumbani mikono mitupu, akauchukua mtandio akae tuendelee. Nikamnyang'anya, nikamwambia akafanye hesabu zake. Akalalamika kidogo, akaenda. Nikabaki na makaa.